Msomaji Mmoja wa Saa Mbovu

Kazi yangu ni kuwafundisha watu kuendesha blogu. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hakuchekeshi. Nina darasa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo: viti kumi na vinne, projekta inayotia joto chumba kizima, na ubao ambao pembeni yake nimeandika, kwa wino usiofutika, mambo ninayowakaririsha wanafunzi mpaka wananichukia. Chapisha siku ileile, saa ileile, hata ukiwa na homa. Usiwaandikie watu wote. Chagua mtu mmoja, mpe sura, mwandikie yeye. Kila anayekuachia maoni mjibu, kwa ufupi na kwa adabu. Halafu kuna lile ninalolisema huku nikigonga meza: usijiandikie maoni mwenyewe, wala usimtume ndugu yako akuandikie, kwa sababu siku uongo huo ukijulikana, hata sifa ya kweli haitaaminika tena.

Hilo la mwisho nililivunja mwenyewe, tena kwa baba yangu mzazi.

Baba ni fundi saa. Kwa miaka arobaini na mmoja alikaa kwenye kichumba ambacho mteja akiingia na mwavuli ilibidi auache nje. Mama alipofariki, na watu wakazoea kutazama saa kwenye simu, baba alikifunga akahamia kwangu na masanduku yake saba. Meza yangu ya kulia chakula ikawa meza yake ya kazi. Ukutani zikaning'inia saa tisa, na hapakuwa na mbili zilizokubaliana.

Ana utaratibu ambao hajawahi kuuacha. Saa akishaitengeneza, haikabidhi. Huitundika ukutani siku kumi na nne, na kila siku, wakati uleule, huitazama na kuandika kwenye daftari lake imetangulia kiasi gani au imechelewa kiasi gani. Safu ya mwisho ya ukurasa huiweka kwa ajili ya sababu anayoihisi. "Saa usiiulize mara moja," alikuwa akiniambia. "Iulize swali lilelile kila siku. Mwisho itasema." Ikipona, chini ya ukurasa huandika "Ikabidhiwe." Ikishindikana huandika "Haitengenezeki." Aliniambia neno hili ameliandika mara tatu tu maishani, na mara zote tatu alipoteza hamu ya chakula.

Shida ya baba ilikuwa mdomo. Mimi narudi kutoka darasani koo limekauka, sijavua hata viatu, naye ananingoja na lenzi yake jichoni. "Binti yangu, njoo uone. Fundi aliyenitangulia kwenye saa hii alikuwa akitumia mkono wa kushoto, tazama alivyokwaruza." Nilikuwa namjibu, "Baba, nimechoka." Nilimjibu hivyo Jumatatu, nikamjibu Jumanne, nikamjibu mwaka mzima.

Nikamfungulia blogu. Sikufanya hivyo kwa upendo, tusidanganyane. Nilimfungulia ili maneno yapate pengine pa kwenda.

"Tuipe jina gani?" nilimuuliza.

"Saa Mbovu."

"Baba, nani atatafuta Saa Mbovu?"

"Mwenye saa mbovu."

Nilimpa masharti yangu yote, akayaandika kwenye karatasi kama mwanafunzi mtiifu, kisha akafuata moja tu: kila Jumatano, saa kumi na mbili kamili asubuhi, makala ilikuwa hewani. Mengine aliyapuuza. Vichwa vya makala vilikuwa kama lebo za droo: "Kuhusu springi." "Kuhusu vumbi." Aya zilikuwa ndefu kiasi kwamba ukizianza ukiwa umesimama utazimaliza umekaa. Aliandika juu ya saa ya wanandoa iliyokuwa ikichelewa kila mwezi, mpaka alipokwenda kwao akagundua imetundikwa karibu na mlango wanaoubamiza wakigombana. Aliandika juu ya mwanamke aliyemwomba asiirekebishe saa ya marehemu mwanawe, aipanguse tu. Leo nikizisoma naona zilikuwa nzuri. Wakati ule nilizionyesha darasani, ukutani, kwa projekta, kama mfano wa blogu inayokufa. Sikusema ni ya nani. Wanafunzi walicheka, nami nikacheka nao.

Miezi mitatu hakuna aliyeacha maoni hata moja. Baba alianza kuniuliza mezani.

"Leo kuna mtu?"

"Hakuna, baba."

"Labda kesho."

"Labda."

Kila siku lilikuwa swali hilohilo. Nilikuwa nimemfungulia blogu ili anyamaze, sasa alikuwa na jambo jipya la kusema. Ndipo Jumatano moja, darasa lilipoisha saa saba mchana, nikafuta ubao, nikafunga madirisha, nikakaa na chai yangu na simu, nikamtengeneza mtu. Nilimwita Mkutubi Mstaafu. Nilimpa sura, kama ninavyofundisha: mjane, ametumia maisha yake yote kati ya rafu za vitabu, ana saa ya ukutani aliyoachiwa na mumewe. Akaandika: "Nimesoma makala zako zote kwa mkupuo mmoja. Endelea, fundi. Kuna anayekusoma."

Jioni ile baba hakuniuliza kama kuna mtu. Alikuwa amekaa wima, amechana nywele.

"Nina msomaji," alisema.

"Hongera, baba."

"Amefanya kazi ya vitabu. Mtu makini."

Nilipata amani nyumbani kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Maneno aliyokuwa akiniwekea mimi akaanza kumwekea Mkutubi. Nilikula kimya, nikalala mapema. Kila Jumatano, baada ya darasa, nilimwandikia mistari miwili mitatu, kisha nikaenda na shughuli zangu. Ningeishia hapo, pengine ungeniita mtoto mwema aliyetumia njia mbaya. Sikuishia hapo.

Mapokezi pale kazini tuna dada mmoja mcheshi, na mimi nilimwonyesha maoni ya Mkutubi. Ikawa mchezo wetu wa mchana. Mkutubi akimwambia baba afupishe aya, baba anafupisha. Akimwambia apige picha kwa karibu, anapiga kwa karibu. Mambo yaleyale niliyomwambia mimi asinisikie, akiambiwa na mtu asiyekuwepo anatii siku hiyohiyo. Hilo liliniuma, na kwa kuwa liliniuma, nilizidisha.

"Mwambie apande mnara wa saa," dada wa mapokezi alisema siku moja, akicheka. "Ule wa jengo la halmashauri."

"Goti lake bovu."

"Ndiyo maana."

Mkutubi akaandika kwamba tangu utotoni alitamani kujua ndani ya mnara kuna nini, na kwamba anayeweza kumweleza ni fundi peke yake. Baba alipanda ngazi mia moja na kumi na mbili. Tunajua idadi kwa sababu aliziandika moja moja, zipi zimelika, zipi zinalia, na kwenye ya sabini na nne akaandika: "Hapa nilikaa kidogo." Tulisoma pamoja pale mapokezi, simu tumeiegemeza kwenye kopo la kalamu, na tulipofika kwenye ile ya sabini na nne tulicheka mpaka machozi. Baba alichechemea wiki mbili. Nikimuuliza ana nini, anasema amelala vibaya.

Kisha nikaugua homa ya matumbo, nikalala wiki mbili. Baba alinihudumia. Alinipikia supu, alinibadilishia shuka, alikaa mlangoni kwangu na daftari lake. Jumatano ya kwanza ikapita Mkutubi kimya. Ya pili vilevile. Nilitegemea baba ahangaike. Hakuuliza kitu, na mimi nikadhani uzee umemsahaulisha.

Niliporudi kazini, Mkutubi naye alirudi. Alisema alikuwa safarini. Baba alimjibu, "Nafurahi umepona safari." Nilidhani amekosea kuandika.

Mwezi uliofuata ndipo maji yaliponifika shingoni. Baba aliandika makala ya mistari sita, fupi kuliko zote. Alimkaribisha Mkutubi nyumbani Jumamosi ya wiki inayofuata, saa kumi alasiri, aje na saa ya marehemu mumewe, ataitengeneza mbele yake bila malipo. "Si lazima alete saa," aliandika mwishoni. "Akija mtu mwenyewe inatosha." Akanunua shati jipya, jeupe. Akaondoa vyuma vyote mezani, jambo ambalo nilikuwa nimemsihi tangu ahamie. Akapangusa kiti kilichokuwa cha mama.

"Jumamosi utakuwepo?" aliniuliza.

"Nina kazi."

"Saa kumi tu. Nitashukuru ukiwepo."

"Baba, huyo ni mgeni wako. Mimi wa nini?"

Alinitazama kidogo. "Basi," alisema.

Ningeweza kuandika kwamba Mkutubi anaumwa mgongo. Ningeweza kusema kahamia mbali. Lakini baba angeahirisha tu, angemngoja Jumamosi nyingine na nyingine, na shati lile lingebaki limetundikwa mlangoni likinitazama. Nilitaka jambo liishe. Jumatano iliyofuata, siku tatu kabla ya mwaliko, baada ya darasa, niliandika kwa jina la binti wa Mkutubi: "Mama alifariki juzi. Alipenda makala zako. Tunaomba usitutafute."

Dada wa mapokezi alisoma juu ya bega langu. Hakucheka.

"Dada, hii sasa umezidisha."

"Mwisho wa wiki atakuwa amesahau."

Nilipofika nyumbani alikuwa mezani, lenzi jichoni, mikono mitupu.

"Amefariki," alisema.

"Nani?"

"Msomaji wangu."

"Pole, baba. Watakuja wengine."

"Wewe ulikuwa ukisoma anavyoniandikia?"

"Mara mojamoja."

"Alikuwa mpole sana," alisema. "Najiuliza kama na nyumbani kwao alikuwa hivyo."

Nilisema sijui, nikaenda kuoga.

Jumatano iliyofuata, saa kumi na mbili kamili, ilitoka makala yenye kichwa "Msomaji wangu amekufa." Baba hajawahi kuwa na kichwa kizuri namna hiyo. Aliandika kwamba kwa miezi minane kulikuwa na mtu mmoja aliyemwambia neno jema kila wiki, na kwamba mzee akipata neno jema moja kwa wiki anaweza kuishi. Aliandika kwamba alipanda mnara kwa sababu aliombwa, na hata angejua anachekwa angepanda, kwa kuwa anayekucheka angalau yuko nawe. Aliandika: "Simlaumu kwa kuondoka. Kunisoma ni kazi, na mtu huchoka. Nilitaka tu siku moja aketi mezani kwangu aniambie mwenyewe."

Ikasambaa. Sijui nani aliianza, lakini kufikia Ijumaa ilikuwa imesomwa mara elfu arobaini. Watu waliilia. Watu walituma picha za saa za wazazi wao. Jumatatu mwanafunzi wangu wa safu ya mbele, muuza viatu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umesoma ile ya fundi saa? Ile blogu uliyotuonyesha, uliyosema imekufa."

"Nimeiona."

"Kafuata kila ulichoandika hapo ubaoni. Siku ileile, saa ileile, mtu mmoja. Hata kichwa." Akageukia wenzake. "Ndiyo maana imetugusa. Hana uongo."

Wakaniomba niichambue, aya kwa aya. Niliichambua. Nilisimama mbele ya ukuta, maneno ya baba yananipita usoni kwa mwanga wa projekta, nikaeleza kwa nini aya ya tatu inafanya kazi. Nilitoka jasho mpaka mgongoni, na wao wakadhani ni joto la mashine.

Jioni baba alinionyesha simu. Maoni yalikuwa yamefika elfu moja na mia tatu.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema. "Hawa wote nawafanyaje?"

Alikuwa hajaniuliza kitu tangu Mkutubi afe. Nilishika swali lile kwa mikono miwili. "Mjibu kila mmoja, baba. Kwa ufupi na kwa adabu. Andika: Asante kwa kusoma. Karibu tena. Halafu nakili hilohilo kwa wote."

"Wote sawa?"

"Wageni ndivyo wanavyojibiwa. Huwezi kumwandikia kila mtu barua."

Akaandika maneno yale kwenye kipande cha karatasi, akakiegemeza kwenye kopo la bisibisi.

Jumamosi asubuhi alitoka kwenda kutafuta mafuta ya saa. Mimi nilikuwa natafuta kalamu mezani kwake. Daftari lilikuwa pale, na nilifungua kwa kuwa juu ya ukurasa mmoja, mahali anapoandika jina la saa na la mwenye saa, niliona neno "Mkutubi."

Zilikuwa safu zilezile. Tarehe, saa, sababu. Mstari wa kwanza: saa saba na dakika kumi. Wa pili: saa saba na dakika kumi na moja. Wa tatu: saa saba na dakika kumi. Ukurasa mzima ulikwenda hivyo, kurasa mbili, kila Jumatano, na tofauti haikuzidi dakika tatu. Darasa langu linaisha saa saba. Nafuta ubao, nafunga madirisha, nakaa. Nilikuwa nimemdanganya fundi saa kwa wakati uleule kila wiki, miezi minane, na sikuwahi kufikiria kwamba mtu wa kazi ile angetazama.

Safu ya sababu, kwa wiki tatu za kwanza, ilikuwa na alama ya kuuliza. Wiki ya nne baba alikuwa ameandika: "Ni yeye." Wiki ya tano: "Nyumbani hana nafasi ya kuzungumza nami, kwa hiyo anazungumzia huku. Si vibaya." Ya tisa: "Jana jioni amesema amechoka. Leo huku amesema niendelee. Nitachukua ya leo." Kwenye Jumatano ya mnara: "Ametaka nipande. Nafikiri alikuwa anacheka na mwenzake. Ni muda mrefu sijamchekesha." Kwenye Jumatano mbili za ugonjwa wangu hakukuwa na saa, kulikuwa na namba tu, thelathini na tisa nukta mbili, thelathini na nane nukta sita. Joto la mwili wangu. Chini yake: "Msomaji yuko chumba cha pili. Apone tu."

Karibu na mwisho: "Nimemkaribisha. Nimemwachia mlango wazi aseme mwenyewe." Halafu: "Jumamosi ana kazi." Halafu mstari wa mwisho, saa saba na dakika kumi na mbili, siku niliyomuua: "Amenichoka."

Chini ya hapo, mahali pa hukumu, pamebaki peupe. Nililirudisha daftari lilivyokuwa. Baba aliporudi nilimpokea chupa ya mafuta, akasema asante, nikasema si kitu. Nilijiambia kukiri mezani siwezi, lakini kule kwenye blogu yake nitaweza, kule ndiko tulikozoeana.

Jumatano iliyofuata niliwaachia wanafunzi, nikafuta ubao, nikafunga madirisha. Saa saba na dakika kumi nikaandika chini ya makala yake mpya, kwa mara ya kwanza kwa jina langu halisi: "Baba, ni mimi. Nilikuwa mimi siku zote. Nimesoma kila ulichoandika. Nisamehe. Jioni nitakaa mezani, unieleze chochote, sitachoka."

Niliweka simu juu ya meza nikaitazama. Dada wa mapokezi alipita akaniuliza kama nakula, nikamwambia aende. Saa saba na dakika kumi na nne jibu likaja.

"Asante kwa kusoma. Karibu tena."

Nilijiambia hakuona jina. Alikuwa akinakili tu, watu ni wengi, mkono umezoea. Nilikwenda na hilo njia nzima mpaka nyumbani. Baba alikuwa mezani, lenzi jichoni, anawajibu wageni wake. Nikavuta kiti cha mama nikakaa.

"Baba, leo umefungua saa gani?"

Alitoa lenzi. Aliniangalia kwa upole, upole uleule ambao wauza duka huwa nao kwa mteja wasiyemfahamu.

"Utakuwa umechoka," alisema. "Nenda ukapumzike."

Akainuka kwenda kunawa mikono, akaacha daftari wazi mahali ambapo nisingeweza kutoliona. Chini ya ukurasa wa Mkutubi pale pa hukumu hapakuwa tena peupe. Alikuwa ameandika lile neno alilowahi kuliandika mara tatu tu, kwa herufi zilezile za wima, na wino ulikuwa bado haujakauka.